Kidonge cha Siku ya Safari

Bagamoyo,
19 Mei 2024

Mdogo wangu Najim,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi Esha na watoto, na Mungu awaweke. Huku tunaendelea. Mama mdogo Ashatu hajaondoka tangu mazishi, na anasema hatoki humu mpaka nami nitoke eda. Ananipikia, ananifulia, na ananikataza kila kitu. Mvua imelaza ukuta wa banda la kuku, basi kuku wamehamia jikoni na yeye anagombana nao kutwa. Anawaita wageni wasiojua kuaga.

Najua utashangaa kuona barua. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu nilitaja dawa, ukakata. Nikapiga tena, ikawa imezimwa. Baadaye nikafikiri, nikaona hata ungepokea ungekuwa usukani, na mimi sitaki kuwa mtu wa kukupigia simu ukiwa na abiria nyuma yako. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaona mwandiko wangu. Nitampa Samia, yule binti wa jirani anayeuza korosho Msata. Basi lako likisimama pale atamkabidhi kondakta wako Hamidu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya mazishi, watu wakila, wewe ulijiegemeza ukutani ukasema kichwa kinakugonga. Jirani yangu Gertruda, yule nesi, alikuja na kipimo chake cha presha, akakufunga mkono mmoja, akatazama, akakufunga na wa pili. Mbele za watu hakusema neno. Jikoni ndiko alikoniambia kwamba presha kama ile ameizoea kwa watu waliolala kitandani, si kwa mtu anayetembea. Nikamuuliza wifi Esha, akalia. Akasema una dawa tangu mwaka jana, na unazimeza siku za mapumziko tu. Siku za safari humezi.

Najim, mume wangu Bwanausi hana hata mwezi kaburini. Unajua nilivyokuwa nikifanya. Kila asubuhi ya safari nilimwekea vidonge vyake kwenye kisahani, kando ya kikombe. Alivifunika kwa kiganja, akasema atavimeza njiani akishakula. Alivifunga kwenye kipande cha gazeti, akatia mfuko wa shati, akanipungia mkono kutoka juu ya lori. Juzi utingo wake ameniletea vitu vyake. Kwenye kiboksi cha mbele ya usukani kulikuwa na vile vifurushi vya gazeti, vimejaa, havijafunguliwa hata kimoja. Nimevifungua vyote mimi.

Nataka kujua kwa nini. Hakuwa mvivu, hakuwa mjinga, hakunichukia. Wewe ni dereva mwenzake, na wewe unafanya vilevile. Niambie kwa nini.

Dada yako,
Mwanvita


Korogwe,
8 Juni 2024

Dada Mwanvita, shikamoo.

Barua imefika. Sisi wazima. Lulu ameanza kutembea, ameshaangusha redio. Mahindi mwaka huu yamependeza. Esha anakusalimia sana.

Nisamehe sikufika kwenye arobaini ya shemeji. Gari liliharibika njiani, tukachelewa, na siku ya pili yake nikapangiwa safari nyingine. Nimemsomea Yasini huku huku, Mungu amrehemu. Nimempa Hamidu kikapu cha machungwa na mchele kidogo wa kuongezea shughuli.

Hayo mengine ni mipango ya Mungu. Kila mtu ana siku yake. Kichwa changu kilikuwa cha msiba, kimekwisha. Nakuomba usimsumbue Esha kwa maswali, anakuwa na wasiwasi.

Pumzika, dada. Eda ni ya kupumzika.

Mdogo wako,
Najim


Bagamoyo,
20 Juni 2024

Mdogo wangu Najim,

Marahaba. Tumeshukuru Idi imepita salama. Mama mdogo alipata nyama kwa majirani akapika pilau, akanipa na mimi kidogo, akanitazama nikila kama anayelisha mtoto wa kindakindaki. Nimefurahi kwa habari ya Lulu. Mbusu.

Machungwa yamefika nimeyagawa. Sikula hata moja, na sababu nitakwambia. Samia alipoleta kikapu nilimuuliza habari ya gari lililoharibika. Akanishangaa. Akasema siku ya arobaini ulikuwa Msata asubuhi, umekaa kwenye benchi la mama wa chai, basi zima limesimama pale linang'aa. Umbali wa kutoka pale hadi kwangu unaujua. Watu walijaa humu ndani wakimsomea mtu aliyekufundisha kushika usukani, na wewe ulikuwa njia panda unakunywa chai.

Sikukusudia kumfanya Samia mpelelezi, lakini kwa kuwa umeanza uongo nimemuuliza na mengine. Anasema unakula chipsi na mishikaki, na chumvi huongezi, unamimina. Anasema unakunywa vile vinywaji vya kopo vya kukuweka macho, kimoja juu ya kingine, na maji hunywi kabisa. Anasema ukishuka unashika ngazi ya mlango kama mzee.

Mimi humu nilihangaika na mtu wa aina yako kwa miaka. Bwanausi alipenda ng'onda, samaki wa chumvi, mpaka ananusa mfuko kabla sijaufungua. Daktari alipomkataza chumvi nikaanza kupika mchuzi kwa ndimu, tangawizi na nazi nzito. Wiki ya kwanza aliuita mchuzi wa wodini. Wiki ya pili aliomba kuongezewa. Jioni tulitembea mpaka msikitini, mimi nikarudi na yeye akaswali. Alikubali yote hayo, Najim. Hakuna nililomwomba akanikatalia. Ndiyo maana vile vifurushi vinanichoma.

Nimekuuliza swali moja. Umenijibu kwa machungwa.

Mwanvita


Korogwe,
14 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Watoto wazima, Esha mzima. Mvua hakuna.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni muda mrefu kwa sababu kila nilipotaka kujibu nilikasirika. Umeniwekea mtu wa korosho anihesabie chumvi. Hamidu ananicheka. Juzi nimeagiza mayai akamwambia mama wa chai asitie chumvi, dada wa dereva ana macho mpaka huku. Mimi ni mtu mzima, nina familia, nina leseni ya kubeba watu.

Umetaka kujua, basi soma. Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi kulisema mbele ya dada yangu.

Ile dawa inakojoza. Ukiimeza alfajiri, mpaka jua lipande umeshabanwa, umekwenda, umebanwa tena. Mimi natoka Korogwe giza bado, gari limejaa. Tajiri mwenye basi ameweka vituo vyake, na gari likisimama mahali pengine analiona kwenye simu yake akiwa kitandani. Anapiga hapo hapo: Najim, kuna nini? Nimjibu nini? Abiria nao wana haraka, mmoja ana mgonjwa, mmoja ana kesi, wote wanatazama saa. Basi dereva anabana. Na ukibana unaendesha kwa hasira, unapita lori mahali usipopaswa kulipita. Kwa hiyo siku ya safari simezi. Nikiwa nyumbani nameza.

Na usiniambie nikamweleze daktari. Daktari wetu ni binti, ningeweza kumzaa. Ananiamkia shikamoo kabla hajanipima. Nimweleze mkojo wangu binti anayeniamkia? Wewe ungemweleza?

Na haya sikuyazua mimi. Nilipopewa dawa mwaka jana nilimkuta shemeji Segera, tukakaa kunywa chai, nikamwambia inavyonisumbua. Alicheka. Akasema, "Shemeji, kidonge ni cha siku ya kupumzika. Siku ya safari mwachie Mungu kichwa chako, wewe shika breki." Alikuwa akifanya hivyo tangu alipoanza dawa. Nikaona kama yeye mkubwa wangu amefanya na yuko imara, mimi ni nani.

Niliposikia wamemkuta kabla ya daraja la Wami, lori limeegeshwa pembeni vizuri, breki ya mkono imevutwa, nilijua papo hapo. Watu walisema uchovu. Mimi nilijua. Ndiyo maana nilikaa Msata na chai ikapoa. Ningekuja ungeniuliza, na mbele yako uongo haunitoki.

Sasa umejua. Sijui kama umefurahi. Usiniandikie habari za chumvi tena.

Najim


Bagamoyo,
17 Julai 2024

Najim,

Mama mdogo Ashatu anakusalimia. Mimi leo salamu sina.

Nilikuwepo. Nataka ulijue hilo. Kila alipokwenda kliniki nilikwenda naye. Mara ya mwisho daktari alimuuliza mbele yangu, "Baba, dawa zinakusumbua popote?" Akarekebisha kofia yake, akasema, "Hazina neno mwanangu, zinakwenda vizuri." Nikatoka pale natembea kwa maringo. Nilijiona nina mume msikivu kuliko wanawake wote waliokuwa kwenye lile benchi.

Nimemsomea Gertruda barua yako, ile sehemu ya dawa tu. Akaniambia mlipewa vidonge viwili. Kile cheupe kidogo ndicho kinachofukuza maji. Kile cha pili hakina habari na mkojo, na nyinyi mmekiacha nacho, kwa sababu vimetoka mfuko mmoja. Na hicho cheupe chenyewe kinaweza kubadilishwa, au saa yake ikabadilishwa, wanafanya hivyo kwa madereva, kwa walimu, kwa wanawake wanaouza sokoni pasipo na choo. Lakini daktari abadilishe, si dereva mwenzako. Mgonjwa aseme. Hana njia nyingine ya kujua.

Aseme, Najim. Wanaume wawili wenye ndevu. Mmebeba saruji na roho za watu kwenye lami ile, mmepita mabonde ya Wami usiku na mvua, na mmeshindwa kumwambia daktari kwamba dawa inawakojoza. Mkakaa Segera mkacheka. Mkafundishana.

Nimechukua shati lake lile la kaki nikalipiga ukutani. Mama mdogo akaja mbio akidhani nyoka. Aliponiona akasema kumkasirikia maiti ni dhambi, na mwanamke mwenye eda hapigi nguo za marehemu. Nikamwambia basi aniandikie hiyo dhambi. Kisha nikaliokota, nikalikunja, nikalirudisha. Bado nina hasira.

Na wewe una watu nyuma yako. Yeye alikuwa na mifuko ya saruji, akapata nafasi ya kuegesha. Wewe utaipata?

Nenda kwa daktari. Useme.

Mwanvita


Bagamoyo,
25 Agosti 2024

Najim,

Nimengoja jibu. Samia anasema siku hizi husimami Msata, unapita ukipiga honi. Barua hii inakwenda kwa mtu wa magari ya Korogwe mpaka kwa Esha mkononi.

Esha amenipigia. Usimgombeze, mimi ndimi niliyemuuliza. Amesema wiki iliyopita ulikuwa unafunga vifungo vya shati, mkono wa kushoto ukaanguka. Ukautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha nguvu zikarudi, ukamwambia umelalia mkono, ukavaa viatu, ukaenda kuendesha basi.

Nilimweleza Gertruda, akasimama palepale ameshika beseni. Akasema mkono kama huo si wa kulala nao hata usiku mmoja, anapaswa kupelekwa hospitali siku ile ile. Nikampigia Esha akuambie. Amekuambia, nawe ukamwambia nyinyi wanawake mmekaa kikao.

Ndiyo. Tumekaa kikao.

Mimi natoka eda siku chache zijazo. Mama mdogo ameshaniandalia nguo, na wanawake wa mtaa watakuja kuniogesha na kunitoa. Wanauliza nitakwenda wapi kwanza. Wengine huenda kwa wazazi, wengine pwani. Nimewaambia nitakwenda Msata.

Nimekuandikia ili usiseme hukuambiwa.

Mwanvita


Korogwe,
9 Septemba 2024

Dada Mwanvita,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya marehemu mama, si kwa sababu nyingine.

Ulilala kwangu usiku mmoja na sikukusemesha. Umeondoka asubuhi umewabusu watoto. Sasa naandika yale niliyoyameza mezani.

Nilipokuona umesimama pale Msata na kanga zako mpya, tunatoka Dar, gari limejaa, nilijua ni shari. Hamidu akakuambia dada yetu halipi. Ukalipa nauli kamili, ukadai na tiketi. Ukamwondoa kijana wa watu kwenye kiti cha nyuma yangu kwa upole mpaka akakushukuru. Kisha ukanyoosha mkono begani kwangu na vidonge vyangu mwenyewe, alivyokutumia Esha, na chupa ya maji. Ukasema, "Meza, baba." Siti zote za mbele zinanitazama. Nikameza.

Ulikuwa unajua kitakachotokea. Ulikaa unatazama shingo yangu. Tulipopita Mkata nilikuwa natoka jasho, najigeuza kwenye kiti. Ukanyanyuka na gari linakwenda, ukashika bomba, ukawageukia abiria. Nitakuandikia maneno yako kama ulivyoyasema, kwa sababu stendi nzima ya Korogwe sasa inayajua:

"Wanangu, mimi ni dada yake dereva. Juzi nimetoka eda. Mume wangu alikuwa dereva, alikuwa na presha, akaacha dawa kwa kuona haya kusimamisha gari akojoe. Amekufa. Huyu ana presha hiyo hiyo na haya hiyo hiyo, na sasa hivi amebanwa. Kama yupo mwenye haraka ya kuzidi roho yake, anyooshe mkono."

Nilitamani lami ifunguke. Hakuna mkono ulionyooshwa. Halafu yule mama mnene wa siti za kati akasema, "Simamisha baba, na sisi tuchimbe dawa, tangu Chalinze nimejikaza." Gari zima likacheka. Nikasimama. Nikaingia vichakani basi zima linanitazama mgongo, na wewe umekaa umefunga mikono kama bibi harusi.

Unajua wananiitaje sasa? Wananiita Kituo. Nikipita stendi wanauliza, Kituo, dada hajaja leo? Mpaka wauza maji.

Tajiri naye alikuwa ameona gari limesimama. Hamidu akamweleza, na Hamidu hawezi kueleza kitu bila kuongeza pilipili. Ameninyang'anya ufunguo. Amesema nimletee karatasi ya daktari kwamba nafaa kuendesha, la sivyo gari anampa mwingine. Nimekaa nyumbani natazama kuku. Kazi niliyoifanya tangu kijana umeiondoa kwa maneno ya dakika moja.

Wewe ni dada yangu, siwezi kukutukana. Lakini nakuambia umenivua nguo.

Najim


Bagamoyo,
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Wasalimie watoto, na mwambie Esha nimefika salama.

Sitaomba radhi. Nimejaribu kuandika radhi mara mbili na mkono umekataa. Nguo nilizokuvua ni zile zile alizozikwa nazo Bwanausi.

Ufunguo aliuchukua tajiri, na mimi namshukuru. Sasa huna safari. Kila siku ni ya kupumzika. Niambie leo umeacha dawa kwa kisingizio gani.

Mwanvita


Korogwe,
6 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Lulu anakuita shangazi kwa lugha yake. Esha amepanda mchicha nyuma ya nyumba, na chumvi ameificha mahali nisipopajua. Nimetafuta.

Bado nina kinyongo, nakuambia kweli. Lakini mambo yaliyotokea lazima uyasikie kwangu, si kwa Hamidu.

Nilikwenda hospitali kwa ajili ya karatasi tu. Nilipanga kumwambia daktari kama siku zote, hazina neno, zinakwenda vizuri. Yule binti akanipima, akatazama, akapima tena. Akaniuliza, "Baba, hizi dawa unazimeza?" Nikafungua kinywa kusema ndiyo. Nikakuona wewe umeshika lile bomba. Nikasema hapana. Nikasema inanikojoza, na mimi ni dereva. Nilisema neno lenyewe, dada, sikulizungusha.

Hakucheka. Hakutazama chini. Aliniuliza natoka saa ngapi, nasimama wapi, narudi saa ngapi, kama mtu anayepanga ratiba ya gari. Nikamwambia na habari ya mkono. Hapo akaweka kalamu, akaita mwenzake, wakanilaza siku kadhaa wakanichunguza. Wamesema nina bahati. Kile cheupe ameniondolea, ameniandikia kingine kisichosumbua njiani. Kile cha pili naendelea nacho.

Akaniuliza kitu gani sikosi kukifanya kila siku, niwe safarini au nyumbani. Nikamwambia sala ya alfajiri. Akaniuliza kitu gani nashika kabla ya sala. Nikamwambia kofia. Akasema basi dawa zikae ndani ya kofia. Ndivyo nifanyavyo. Siwezi kuivaa bila kuzitoa, na nikishazitoa nameza. Chakula pia amenibadilishia, nimerudi kwenye maji, na vile vya kopo nimeacha. Jioni natembea mpaka daraja la reli na kurudi, watoto wa mtaa wananiita Kituo na wao.

Karatasi sijapewa. Amesema mpaka presha ikae chini na aniridhie, ndipo anaandika. Gari linaendeshwa na mwingine na kila linapopita nageuza uso. Lakini naweza kufunga vifungo vyangu.

Nilidhani kumwambia kutaniua. Nilipotoka nje nikakaa kwenye kivuli cha gari la wagonjwa nikajiuliza nilikuwa naogopa nini. Lilikuwa neno moja na yeye akaandika. Ni hivyo tu, dada.

Najim


Bagamoyo,
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Najim,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Mwambie Lulu shangazi amesikia. Mama mdogo Ashatu amerudi kwake hatimaye, na nyumba imekuwa kubwa. Fundi amejenga ukuta wa banda lakini kuku hawataki kutoka jikoni, na mimi nimewaacha. Napika tena kwa sufuria ndogo. Jana nimepika samaki wa nazi kwa ndimu, nikapakua sahani mbili kabla sijajikumbuka.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye kofia nilicheka. Nilipofika mwisho niliketi chini.

Umeandika "ni hivyo tu". Nilidhani siku utakayomwambia daktari, hasira yangu itapoa, nitalala. Haikupoa, Najim. Imewaka upya, kwa sababu sasa najua ukubwa wa kitu kilichomwondoa mume wangu. Zamani nilijiambia labda kulikuwa na jambo zito, jambo la wanaume, jambo la barabarani nisiloweza kulijua mimi wa jikoni. Sasa umekwenda, umelipima, umerudi na kipimo. Neno moja na yeye akaandika. Bwanausi alikuwa ameketi kwenye kiti kama hicho, nimemshikia bakora yake, daktari wake anamuuliza kwa adabu, naye akarekebisha kofia. Ningekuwa najua ningemsemea mimi. Ningelisema lile neno mpaka benchi la nje lisikie.

Kinyongo chako kaa nacho, sikunyimi. Ukipata karatasi, tajiri akikurudishia ufunguo, usipite Msata kwa honi. Simama. Na kama hutapata karatasi, njoo na gari la watu wengine, uketi siti ya nyuma, uje ule. Hiyo ndiyo haki yangu kwako na naidai.

Endelea kumeza. Safari na mapumziko, Idi na msiba, kila siku. Mimi nitaendelea na hasira yangu, lakini kwako imekwisha. Nimempa yeye yote. Yeye naweza kumkasirikia mpaka nichoke, maana hawezi kufa tena.

Dada yako,
Mwanvita